Uraka si juisi, na mama mpika pombe si adui yetu

  

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nikupeleke Msimbati, kusini mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Usiseme ni mbali. Gesi iligunduliwa huko Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Huenda taa unayosomea gazeti hili inawaka kwa gesi ya Msimbati. Basi na mambo ya watu wa Msimbati yatuhusu.

Huko ni ukweni kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye msiba, ukiwa ni msimu wa korosho. Baada ya maziko, kama ilivyo ada, kina mama wa jirani walileta vyakula. Mmoja alileta sinia la wali na samaki. Lilipofika kwetu wanaume, mzee mmoja akalisukuma pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika: "Hiki cha mpika pombe, sisi hatuli." Wengine wakaitikia. Yule mama akaja, akalichukua sinia lake, akaondoka bila neno. Nyuma yake alikuwapo mwanawe wa kiume, kofia kichwani, ambaye asubuhi ile alikuwa amesoma Yasini pamoja na wenzake wa chuoni.

Lililonikaa moyoni si hilo tu. Jioni ya jana yake nilipita njia ya nyuma ya nyumba ya mama yule, nikawaona watu wamekaa chini ya mwembe na vikombe vya plastiki mikononi. Wawili kati yao walikuwamo katika wale waliolikataa sinia. Na mimi niliyeyaona yote mawili nilinyamaza, nikajipa udhuru kuwa mkwe hasemi sana ukweni. Baadaye nikaambiwa kuwa mtoto yule ameacha chuo, kwa sababu wenzake walimbandika jina la kazi ya mama yake.

Tokea siku ile nimekuwa nikijiuliza ni makosa mangapi tunayafanya Waislamu katika jambo hili la pombe za nyumbani. Nimeona ni mengi, na yako pande mbili. Wako wanaoihalalisha pombe kwa kuibadilisha jina, na wako wanaoiharamisha kwa ndimi zinazomchinja mtu badala ya kuichinja dhambi.

Je, uraka ni pombe?

Kwa asiyeujua, uraka hutokana na mabibo, lile tunda linalobeba korosho. Ndilo jina hilo hilo la mtaa wa Mabibo pale Dar es Salaam. Mabibo hukamuliwa, maji yake yakachujwa, yakaachwa kwenye ndoo. Hakuna haja ya kutia hamira, maana chachu imo kwenye tunda lenyewe. Kwa joto la Mtwara, kilichokamuliwa asubuhi kikiwa kitamu, jioni kinatoa povu, na kesho yake kinalevya. Wengine hukipika tena na kukinga mvuke wake, wakapata gongo, ambayo Serikali imeipiga marufuku.

Hoja ya kwanza utakayoisikia ni kuwa uraka si pombe, ni juisi tu ya matunda. Wa tembo la mnazi naye husema ni maji ya mti, na wa wanzuki husema ni asali, na asali imesifiwa ndani ya Qur'an. Ndugu zangu, swali hili si jipya. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vinywaji viwili vilivyotengenezwa huko majumbani, kimoja cha asali kikiitwa bit'u na kingine cha nafaka kikiitwa mizri. Mtume (s.a.w.) hakuijenga hukumu juu ya kile kilichotengenezewa kinywaji wala juu ya jina lake. Alitoa kipimo kimoja, kwamba kila kinacholevya ni haramu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Naye Umar (r.a.) akiwa juu ya mimbari alieleza kuwa khamri ni kile kinachoifunika akili. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na watu watakaokunywa khamri huku wakiipa jina lingine. Uraka, tembo, wanzuki, komoni na kangara ni majina tu. Akili inafunikwa ile ile.

Hapa wako wanaovuka mpaka upande wa pili, wakasema bibo lenyewe ni haramu na tembo ni haramu hata likiwa limegemwa sasa hivi. Hilo nalo si sawa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa maji yake siku ile na inayofuata, mwisho wake siku ya tatu, kama alivyosimulia Ibn Abbas (r.a.) katika Sahihi Muslim. Maji ya mabibo yaliyokamuliwa sasa hivi ni halali kama maji ya machungwa, na tembo tamu kabla halijachacha ni halali. Likichacha lenyewe hadi likawa siki, siki ni halali. Kilichoharamishwa ni ulevi. Lakini usihesabu siku tatu za Madina kwa joto la Msimbati, kwani kipimo ni kulevya, na huku kwetu hata siku moja inatosha.

"Kidogo tu, na ni dawa"

Hoja ya pili ni ya mwenye kusema kuwa anakunywa kikombe kimoja na halewi. Mtume (s.a.w.) ameikata hoja hiyo kwa kufundisha kuwa kile ambacho kingi chake kinalevya, basi na kichache chake ni haramu. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, hakuna mjadala hapo.

Hoja ya tatu ni ya nguvu za kazi. Mvuvi husema bahari ina baridi usiku, na mkulima husema jembe ni zito. Swahaba Daylam al-Himyari (r.a.) alileta udhuru huo huo. Alisema kwao ni nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na wanatengeneza kinywaji cha ngano ili wapate nguvu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama kinalevya. Alipojibu ndiyo, akaamrishwa wakiepuke. Na aliyedai kuwa anaitengeneza khamri kwa ajili ya dawa aliambiwa kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa.

"Ya kienyeji ni uchafu"

Sasa tuje kwetu mjini. Sisi kosa letu ni kuichukia pombe ya kienyeji kwa sababu ni ya kimaskini. Tunasema ni chafu, inapofusha, inaua, huenda imewekwa uchawi ndani yake. Kisha mwenye nyumba Mwislamu anapangisha fremu yake iwe baa na kodi anapokea, kwa kuwa bia ya kiwandani ina chupa na lebo.

Ni kweli watu wamekufa. Novemba 2000 mjini Nairobi walikufa watu zaidi ya 100 kwa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani, sumu ya macho na ya roho. Na Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, walikufa watu 75 baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Watu walivumisha mara moja kuwa imetiwa nyongo ya mamba. Walikuwa wakimtafuta mchawi, na hali mama aliyeipika alikuwa miongoni mwa waliokufa. Uchunguzi wa kitaalamu ulikuja kuonesha kuwa ni sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Hapakuwa na mamba wala mchawi.

Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, Mwislamu hajengi tuhuma juu ya uvumi. Pili, ukimkataza kijana pombe kwa hoja kuwa ni chafu, siku akipata iliyo safi utamwambia nini? Qur'an (5:91) imetaja sababu nyingine, nayo ni kuwa shetani anataka kwa ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Allah na tusiswali. Sababu hiyo imo kwenye ndoo ya plastiki na imo kwenye chupa yenye lebo. Mama wa Msimbati na mwenye fremu ya Kariakoo wako ndani ya onyo moja. Tofauti yao ni kwamba sinia la mwenye fremu hakuna anayelisukuma.

Nani ametupa ruhusa ya kumlaani?

Atasema msomaji kuwa Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi katika khamri. Ni kweli. Wamo anayeikamua na anayekamuliwa, mnywaji, mnyweshaji, mbebaji na anayebebewa, muuzaji, mnunuzi, anayenunuliwa na anayekula thamani yake. Wahesabu vizuri. Mkamuaji yumo, na mnywaji yumo. Wazee wangu wawili wa chini ya mwembe walikuwa ndani ya orodha ile ile waliyomsomea mama wa watu.

Kisha tazama jinsi Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyomfanyia mtu aliyekuwa mbele yake. Katika Bukhari imo habari ya mtu mmoja aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, akiadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akasema mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Na katika tukio jingine akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilisimama na haramu ikabaki haramu, lakini mlango wa kurudi haukufungwa. Sisi tunafanya kinyume. Haramu tunaichekea jioni, asubuhi tunamfungia mtu mlango.

Ama kukikataa chakula chake, Mtume (s.a.w.) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina na akala chakula chao, ilhali Qur'an (4:161) imewataja kwa kula riba. Alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi. Wanazuoni wengi wamesema kuwa aliyechanganya mali ya halali na haramu, mwaliko wake si haramu. Mama yule ana shamba na ana mume mvuvi. Samaki wa sinia lile alitoka baharini.

Bibo ni la nani?

Niliporudi ukweni safari nyingine, nilikwenda na mwalimu wa chuo hadi kwake. Hatukumhubiria. Tulimuuliza. Akasema: "Shehe, haramu naijua, nimesoma chuo kama nyie. Korosho zinaandikwa jina la baba watoto, zinakwenda ghalani, na pesa zikija zinakuja kwake. Mimi nimeachiwa bibo. Mkiniambia nisilichachushe, niambieni nani atanunua juisi yangu kabla jua halijazama."

Nikatafuta jibu, sikuwa nalo. Katika nyumba nyingi ninazozijua kule, korosho ni ya mwanamume na bibo ni la mwanamke. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, tumezungumza sana bei ya korosho. Bibo hatulizungumzi hata kidogo. Linaozea chini ya mti au linakuwa uraka, nao uraka unakuwa sare ya shule.

Na haiwi udhuru. Haramu haihalaliki kwa sare ya shule, na Qur'an (65:2-3) imeahidi kuwa mwenye kumcha Allah atafunguliwa njia na kuruzukiwa asipotazamia. Lakini njia hiyo mara nyingi Allah huifungua kwa mikono ya waja wake. Kituo cha Utafiti cha Naliendele, pale pale Mtwara, kimekuwa kikifundisha kusindika mabibo kuwa juisi na jemu. Juisi ikichemshwa mapema, chachu inakufa na haigeuki pombe. Kinachohitajika ni sufuria kubwa, chujio, chupa safi na mnunuzi. Msikiti wenye wafadhili wa kununua zulia jipya kila Ramadhani unashindwaje kumnunulia mama mmoja sufuria? Zaka imewekewa mafukara na maskini, na wenye madeni nao wametajwa (9:60). Nanyi watu wa Kusini mlioko Temeke, Ilala na Kinondoni, wenye magari na maduka, mnashindwaje kuagiza juisi ya mabibo kwa harusi na futari zenu?

Mpaka naandika haya, yule mama bado anakamua, na uraka bado anauza. Sikuja kukupa kisa chenye mwisho mtamu. Lakini mwalimu wa chuo alimfuata mtoto nyumbani mara mbili, akamshika mkono, akarudi naye. Akawaambia wanafunzi wote kuwa atakayemwita mwenzake kwa jina la kazi ya mzazi atakuwa ameivunja aya ya Suratul Hujurat (49:11) aliyoihifadhi. Sasa mtoto anasoma.

Ndugu zangu, tuseme kweli bila kupunguza, kwamba uraka ni khamri na pato lake ni haramu. Na tukishasema, tusiondoke. Tukae pale pale, tumuulize tuliyemkataza kesho atakula nini, kwa sababu Siku ya Kiama yeye ataulizwa juu ya ndoo yake, na sisi tutaulizwa juu ya sinia lake.

Allah atusamehe mimi na nyinyi, na awafungulie kina mama wa Kusini milango ya halali. Amin. Wabillahi tawfiq.