Nani Amekufunza Kuongea Hivyo?

Niliombwa niandike kuhusu semina ya wasichana ya Agosti, na najua kamati ilitarajia tangazo tu: tarehe, ada, vitu vya kubeba. Tangazo liko ukurasa wa mwisho. Mimi nina swali ambalo limenikalia tangu mwaka jana, na nimeona niliandike hapa kwa sababu lilianzia hapa hapa kwetu, mbele ya macho ya wengi wenu.

Semina mnaikumbuka. Siku tatu, wasichana 43, kuanzia gredi ya saba hadi kidato cha nne. Walifunzwa kujiamini, kuutunza mwili, kukataa, kuongoza wenzao. Mimi nilipewa somo la pesa kwa kuwa nilisomea biashara, na kila mtu hapa anajua sinyamazi nikianza mambo ya hesabu. Niliwafunza kupanga bajeti ya shilingi 500. Niliwaonyesha daftari la chama cha akina mama, jinsi kila mwanachama anaweza kulifungua na kuona jina lake. Halafu nikawapa neno moja, nikalirudia hadi wakaanza kuniitikia: ukitoa pesa yako mahali, una haki ya kuuliza ilifanya nini. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Walipiga makofi. Siku ya tatu tukawapa vyeti, tukapiga picha pale kwenye ngazi, nami nikaandika ripoti nzuri sana.

Novemba tukawa na mkutano wa vijana baada ya ibada ya pili. Binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa kwenye semina, akainua mkono. Akasema vijana 36 walitoa shilingi 1,500 kila mmoja kwa ajili ya kambi ya Desemba, na kwa kuwa tumeambiwa kambi haipo tena, anaomba kujua pesa iko wapi, na kama kuna rekodi wanaweza kuiona. Ndivyo alivyosema, "anaomba". Hakupaza sauti.

Mkutano ukanyamaa. Mzee mlezi wa vijana, mtu ninayemheshimu na aliyenishika mkono nilipokuja kutumika hapa, akamtazama akamuuliza: "Nani amekufunza kuongea na wazee hivyo?"

Yule binti alidhani ni swali la kweli. Akajibu, "Ni Pasta."

Watu wakanigeukia. Na mimi, wapendwa, nikasema, "Hayo tutayaangalia baadaye. Tusimame tufunge na maombi."

Hakuna aliyeiba, niliseme hilo mapema kabla mtu hajaanza kuniandikia ujumbe. Zile shilingi 54,000 zilinunua spika mbili ambazo mnazisikia kila Jumapili. Uamuzi ulifanywa kwenye kikao ambacho mimi nilikuwemo. Risiti ilikuwa kwenye droo ya meza yangu. Ningeweza kulijibu swali lile kwa sentensi moja, na pengine vijana wangekubali, pengine wangelalamika kidogo yakaisha. Sikulijibu kwa sababu aliyeuliza alikuwa msichana wa miaka kumi na saba na aliyekasirika alikuwa mzee. Nikapima haraka kichwani nani atanigharimu zaidi, na nikatumia maombi kama mlango wa kutokea.

Jumapili tatu hakuonekana kanisani.

Tangu hapo najiuliza hivi. Mtu akimfunza mwingine kusema, halafu siku anaposema yule mwalimu ananyamaza, amemfanyia nini? Amemsaidia nusu, au amemdhuru?

Nilimpelekea swali hili mama mmoja mzee wa ushirika wetu wa mtaani, ambaye hana subira na maneno mengi. Alinisikiliza akichambua mboga. Kisha akaniambia, "Pasta, mwanangu, mimi nilijifunza kunyamaza nikiwa mdogo, na kwa kunyamaza nikalea watoto sita. Nyinyi mnamfunza mtoto wa watu kuongea, halafu jioni kila mtu anaenda kwake. Yeye anaenda wapi na huo mdomo mliompa?"

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu la kumtosha. Ni rahisi kusema huyo mama ni wa zamani, lakini yeye ndiye peke yake katika habari hii yote aliyefikiria gharama. Sisi wa semina tulihesabu washiriki, chakula, vyeti. Hatukuhesabu siku ya kwanza ambayo msichana angetumia alichojifunza, nyumbani, shuleni, au kwenye mkutano wa kanisa, wala nani angekuwa amesimama karibu naye. Mama anasema, kama hamwezi kubeba hiyo gharama, mwacheni na busara yake ya kunyamaza, imewatunza wengi. Hoja hiyo ina uzito.

Mahali ninapoachana naye ni hapa. Kunyamaza kulikomtunza yeye kuliwatunza pia waliokuwa wanamkosea. Na tofauti ya hekima na woga haionekani mdomoni, zote mbili zinafunga mdomo vilevile. Ukitaka kuijua tofauti, muulize mtu kama alikuwa na uhuru wa kufungua. Aliyechagua kunyamaza ni mwenye hekima. Asiyekuwa na la kuchagua amenyamazishwa, hata tumsifu namna gani kwa upole wake.

Ndugu wengine waliniambia shida ilikuwa mahali tu: angekuja ofisini polepole, tungemwonyesha. Nililipenda sana jibu hili kwa wiki moja hivi, kwa kuwa lilinitoa mimi kwenye kesi. Lakini mchango ulitangazwa madhabahuni. Majina ya waliotoa yalisomwa kwa sauti, na waliochelewa wakakumbushwa mbele za watu. Pesa iliyoombwa hadharani, kwa nini ijibiwe kwenye korido?

Nilipokuwa chuoni kuna jambo la uhasibu lililonisumbua hadi nikalielewa. Mteja akikulipa kabla hujampa huduma, ile pesa huiandiki kama mapato. Unaiandika upande wa madeni, hata kama iko mfukoni tayari na umeanza kuifurahia. Itakuwa mapato siku utakayotimiza. Nafikiri hapo ndipo tulipokosea na semina yetu. Wasichana 43 walitupa siku tatu na imani yao, nasi tukawaambia mna sauti. Tukaandika mapato. Kumbe lilikuwa deni, na yule binti ndiye alikuwa wa kwanza kuja kulidai.

Fungueni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, wa kabila la Manase, baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi jina lake lingepotea na urithi ungeenda kwa wengine. Wakaja wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Hawakwenda korido. Wakatoa hoja yao. Angalieni Musa anafanya nini: haulizi nani amewafunza. Wala hajifanyi anajua jibu. Analipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana anasema mabinti hao wana haki, sheria inaandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya wote watakaofuata.

Mahubiri mengi yanaishia hapo, tunapiga makofi. Mimi hata nimewahi kuhubiri hivyo. Lakini endeleeni hadi Yoshua 17. Miaka imepita, Musa amekufa, nchi inagawanywa, na wale mabinti wanalazimika kuja tena mbele ya Eleazari na Yoshua na wakuu, kuwakumbusha kwamba Bwana alimwagiza Musa wapewe urithi. Haki ilikuwa imeshaandikwa. Bado ilibidi wairudie kwa midomo yao wenyewe mbele ya kizazi kingine cha viongozi. Ndipo wakapewa. Sijui kama watu wa kamati za kanisa huwa tunaisoma sura hiyo. (Wazee nao wasidhani wamesahauliwa: Hesabu 36 wakuu wa jamaa ya Gileadi walileta wasiwasi wao juu ya shauri hilo hilo, na wao pia wakasikilizwa.)

Halafu kuna Ester, maana semina ya wasichana bila Ester bado sijaiona. Tunapenda ujasiri wake wa kwenda kwa mfalme. Tunapita haraka pale anapomwambia Mordekai awakusanye Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake siku tatu. Msichana aliyekuwa anaenda kuhatarisha maisha aliomba kwanza watu wabebe sehemu. Na Mordekai aliyemtuma alikuwa tayari amevaa magunia, mauti yake iko kwenye amri ile ile. Hakumtuma kutoka kitini.

Ukutani tulikuwa tumebandika picha ya Wangari Maathai. Tuliwaambia wasichana habari ya Nobel ya 2004. Hatukuwaambia kwamba mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, alikejeliwa hadi Bungeni. Tuliwapa mwisho wa hadithi bila katikati yake, na katikati ndiko wao wanakoishi.

Kuna somo lingine la semina ambalo sikulifundisha mimi lakini nililipitisha: somo la kukataa. Tuliwafunza wasichana kusema hapana, kwa sauti, kwa macho, kwa kuondoka. Ni somo zuri, na mzazi yeyote wa binti analitaka. Lakini fikirieni tulivyoligawa. Wasichana waliketi saa mbili wakifanya mazoezi ya hapana. Wavulana wao siku hiyo walikuwa uwanjani wanacheza mpira, na wanaume wazima tulikuwa tunapanga viti. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamwelekezea kidole mtenda kosa, siyo mtoto aliyekosewa. Darasa letu likamwelekezea mtoto. Msichana akiumizwa na alikuwa kwenye semina, si mtu atauliza kama alisema hapana vizuri?

Nilipokuwa natafuta mifano ya miradi ya namna hii, nilisoma kuhusu mmoja uliofanyika Kibera na Wajir kati ya 2015 na 2017, kwa wasichana wa miaka 11 hadi 14. Waliwagawa katika makundi ili wapime ni msaada gani unafaa. Kundi moja liliongezewa msaada wa shule, lingine shule pamoja na mafunzo ya afya na stadi za maisha, lingine hayo yote pamoja na elimu ya pesa na akiba. Lakini kila kundi, bila kubagua, lilikuwa na kitu kimoja cha msingi: watu wazima wa eneo lile kuketi pamoja, kuzungumza ni nini kinawatesa wasichana wao, na kupanga watakachokifanya wenyewe. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Sisi tulijenga kuanzia paa.

Kwa hiyo nimependekeza kwa kamati kwamba mwaka huu siku ya kwanza ya semina isiwe ya wasichana. Iwe ya wazazi, wazee, walimu wa shule ya Jumapili, na sisi wachungaji, tuketi kwenye vile viti vya plastiki tuulizwe maswali. Nimependekeza pia wavulana wawe na siku yao, na hesabu za vijana zibandikwe ukutani kila mwezi. La hesabu limepita. La wavulana linangoja bajeti. La siku ya wazee bado tunabishana, na wanaolipinga wana sababu zao, mmoja ameniambia wazi kwamba wazee hawatakuja kufunzwa na watoto. Labda. Mimi nitakuja.

Yule binti nilimwendea nyumbani kwao mwezi wa kwanza, mama yake akiwepo. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha chai, kisha akaniuliza, kwa heshima kama nilivyomfunza: "Pasta, si nilinyamazishwa pale kanisani mbele ya watu? Mbona msamaha unaniletea hapa kwetu?"

Mama yake akataka kumkemea. Nikamwambia amwache.

Imenichukua miezi mingi kupata nguvu ya kulijibu hilo. Yeye na mama yake wamesoma makala haya kabla yachapishwe, na yeye alinisahihisha mahali pawili. Jumapili hii baada ya ibada ya pili kuna mkutano wa vijana, mahali pale pale. Nitakuwa na ile risiti ya spika mkononi. Mzee mlezi nimemweleza ninachoenda kusema. Hakusema sana, lakini ameniambia atakuja.