Amana ya Njiani: Dereva, Abiria na Barabara ya Kupanda Mahenge

Miongoni mwa kazi zinazofanywa na watu wengi na kutafakariwa na wachache ni ile ya dereva anayetumwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni asiyemfahamu na kumfikisha katika mji ulio mbali, milimani. Kwa bonde la Kilombero safari hiyo huanzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ikapita Morogoro na katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ikaiacha barabara kuu ya Iringa mjini Mikumi na kushuka kusini hadi Kidatu, kisha ikafuata ukingo wa milima ya Udzungwa kupitia Mang'ula mpaka Ifakara. Na kwa anayekwenda mbele zaidi, ikavuka mto Kilombero, ikapita Lupiro na kuanza kupanda kuelekea Mahenge. Kufika Ifakara pekee ni zaidi ya kilomita 400, na anayezikata akiwa ameshika usukani ni mtu mmoja, huku mwingine akisinzia kiti cha nyuma.

Wageni wa namna hii hawakuanza kuja jana. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walifanya kazi katika bonde hili kwa miongo mingi, na mwaka 1957 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha Ifakara maabara ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Huko Uswisi nako kazi hiyohiyo ipo, ambapo madereva wa kukodi huwapokea wageni Zürich na kuwapandisha hadi Davos, mji wa milimani ambao watu huuendea kuteleza juu ya theluji. Barabara ni mbalimbali, na hali ya hewa ni mbalimbali, lakini uhusiano wa watu wawili waliomo ndani ya gari ni uleule, na ndani yake limo swali la kidini na la kifalsafa ambalo halijapewa uzito linaostahili: mtu anayelipa ili abebwe na mwingine, ukiacha ujira, anadaiwa nini na yule anayembeba?

Swali hili hufichwa kwanza na lugha yenyewe. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, ambamo *ajal* ni muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufariki dunia ambao Mungu ameukadiria na ambao hauharakishwi wala haucheleweshwi. Kiswahili kililipokea neno hilo pamoja na maana yake ya kidini, kisha kikalitumia kwa gari lililopinduka na chombo kilichozama, hata siku hizi msikiaji wa kawaida hatenganishi tena tukio na kadari. Kivuko kilichokuwa kikivusha watu na magari katika mto Kilombero kilipozama Januari 2016 wakati wa upepo mkali, neno lililotumika lilikuwa hilohilo moja, na methali ikawa tayari mdomoni, kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli ikiwa ajali ni ajal, kwa kuwa siku ya kufa haina kinga. Lakini si ya kweli hata kidogo ikiwa ajali ni tairi lililokwisha au dereva aliyekesha, maana hayo yana kinga inayojulikana na kila mtu. Daraja lenye urefu wa mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 halikubadili kadari ya mtu yeyote, na hata hivyo hakuna mwenye akili anayesema kwamba lilijengwa bure. Anayeamini kwamba muda wake umeandikwa hajapewa kwa imani hiyo ruhusa ya kuuchezea muda wa mwenzake.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, waliutenga vizuri mkono unaoshika mali ya mwingine katika namna mbili. Kuna mkono wa amana, ambao mwenye nao halipi kilichopotea ila akizembea au akivuka mpaka, kama mtu aliyewekewa fedha na jirani yake. Na kuna mkono wa dhamana, ambao mwenye nao hulipa kwa hali yoyote, kama mnyang'anyi. Kuhusu fundi au mchukuzi anayewahudumia watu wote, madhehebu yalihitilafiana: Abu Hanifa alimhesabu kuwa mwenye amana, wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, wakamtwika dhamana, na katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yote ya Afrika Mashariki, rai yenye nguvu ni kwamba halipi pasipo uzembe. Kwa kanuni hizo sanduku la mgeni lililo kwenye buti lina hukumu yake iliyo wazi.

Ila mgeni mwenyewe si sanduku. Wanazuoni haohao walishikilia kwamba mtu huru haingii chini ya mkono, maana yake kwamba hawezi kumilikiwa wala kushikwa kama mali hata na yule anayempeleka, na kwa hiyo hawezi kuwekwa amana kwa maana kamili ya kisheria. Dereva akisababisha kifo chake kwa kosa, hadaiwi fidia kama mtunza ghala aliyepoteza gunia. Anadaiwa diya, ambayo ni haki ya warithi wa nafsi iliyouawa, pamoja na kafara, ambayo ni jambo kati yake na Mola wake. Kanuni hiyo ilizaliwa katika zama zilizokuwa na watumwa, na mtumwa aliingia chini ya mkono; doa hilo halifai kufunikwa, hasa katika nchi ambayo njia zake za misafara zilipitisha watu waliofungwa minyororo. Leo, ambapo hakuna mtu asiye huru mbele ya sheria, kanuni hiyo inamhusu kila mtu, na inakata pande zote mbili: abiria hayumo mkononi mwa dereva kama mzigo, na dereva naye, ingawa muda wake umenunuliwa, hayumo mkononi mwa abiria kama chombo.

Upande huo wa pili ndio unaosahauliwa, na bonde hili lina sababu ya kuukumbuka kuliko maeneo mengi. Kabla ya magari, mgeni mkubwa aliyekwenda Mahenge alibebwa kwa machila, yaani kitanda cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu na kuchukuliwa mabegani na watu waliokuwa wakipokezana. Kazi za lazima za utawala wa Kijerumani zilikuwa miongoni mwa machungu yaliyowasha vita vya Majimaji, na ngome ya Mahenge ilishambuliwa Agosti 1905. Miaka kumi na miwili baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji huohuo Oktoba 1917, na pande zote zilizopigana katika nchi hii ziliishi kwa mabega ya wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, soko linalojulikana kuliko yote Dar es Salaam, limetokana na jina la kikosi cha Waingereza cha wachukuzi hao. Kwa hiyo mji ambao safari ya leo huanzia umebeba katika jina la soko lake kumbukumbu ya watu waliobebeshwa mpaka wakafa. Machila iliyaweka wazi mambo ambayo gari huyaficha. Aliyelala ndani yake alisikia pumzi ya waliombeba na kuona jasho shingoni mwao, na kama hakuwahurumia, alifanya hivyo kwa kujua. Injini imeondoa uzito mabegani, na hilo ni neema kubwa, lakini imebakiza uchovu na kuuhamishia machoni, mahali ambapo aliyeketi nyuma hauoni.

Dua ambayo Waislamu husoma wanapopanda chombo cha safari imetoka katika Sura Az-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, na neno lake kuu limejengwa kwa mzizi wenye maana ya kutiisha: msafiri humtukuza Mungu aliyemtiishia kitu ambacho mwenyewe asingekiweza. Wasomaji wengi huishia hapo. Wakiendelea katika sura hiyohiyo mpaka aya ya 32, watakutana na mzizi huohuo tena, safari hii ukihusu watu, pale inapoelezwa kwamba daraja za maisha zimetofautishwa ili baadhi ya watu wawatumikishe wengine. Wafasiri wengi, Ibn Kathir akiwemo, wameielewa aya hiyo kwa maana ya kuajiriana, kwa kuwa kila mmoja ana haja na mwenzake. Mwenye fedha hajui njia, na mjuzi wa njia hana fedha. Ufafanuzi huo ni wa busara, na tofauti ya aya hizo mbili ndiyo kiini cha suala lote. Katika aya ya kwanza utiisho unakwenda upande mmoja: chombo kinamtii mtu, na mtu hakitii chombo. Katika ya pili unakwenda na kurudi: mwajiri anamtumia dereva, na muda wote huo uhai wake uko chini ya uamuzi wa dereva, kwa kila kona na kila lori linalokuja mbele. Anayesoma dua ya safari huku akimhesabu dereva kuwa sehemu ya gari lililotiishwa ameichanganya aya moja na nyingine. Na inafaa kukumbukwa kwamba mzizi huohuo ndio uliozaa neno la Kiarabu ambalo Waswahili wanalijua kama masihara, kana kwamba lugha ilitaka kuonya jinsi kumtumia mtu kulivyo jirani na kumdharau.

Wakristo wa Ifakara na Mahenge nao wana kisa chao cha msafiri aliyebebwa. Sura ya 8 ya Matendo ya Mitume inamweleza towashi Mkushi, mtunza hazina wa malkia wa Kushi, akirudi kutoka Yerusalemu ndani ya gari la farasi huku akisoma kitabu cha nabii Isaya, na jinsi alivyomkaribisha Filipo, aliyekuwa akienda kwa miguu, aketi pamoja naye. Wahubiri wamekisifu kisa hicho kwa karne nyingi, na sifa hizo ni za haki. Lakini ndani ya gari alikuwamo mtu wa tatu. Mtu hawezi kusoma kitabu na kuongoza farasi kwa wakati mmoja, na towashi alipoamua kubatizwa aliamuru gari lisimame. Mwenye hatamu anajulikana tu kwa sababu ya amri hiyo. Hakuna anayeuliza alifanya nini wakati wawili wale walipokuwa majini. Si kosa la mwandishi, aliyekuwa na jambo kubwa la kusimulia. Ni dalili ya jinsi mbebaji anavyotoweka machoni hata mbele ya watu wema, walio katika shughuli njema. Daktari anayewahi wagonjwa na padri anayewahi misa wako katika hatari hiyo kuliko mfanyabiashara, kwa sababu wema wa waendako unawapa hoja ya kuharakisha.

Hatari hiyo haizuiwi na sheria ipasavyo. Fikihi humtenga mtendaji, aliyefanya jambo kwa mkono wake, na msababishi, aliyelisogeza tu, na wawili hao wakikutana hukumu kwa kawaida humwangukia mtendaji. Abiria aliyesema "kanyaga, bosi wangu, tumechelewa" ni msababishi. Aliyekanyaga ni dereva, na ndiye atakayesimama mbele ya polisi. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu hupita kwa kilomita kama 50, mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na bango limeorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Faini hiyo pia humfuata mwenye usukani. Hakuna bango lililomtaja aliyehimiza.

Hata hivyo, kanuni inayomfaa ipo, na imelala katika mlango wa ijara, yaani mkataba wa kukodi manufaa ya kitu au kazi ya mtu kwa ujira unaojulikana. Wanazuoni waliandika kwa kirefu juu ya mnyama wa kupanda: mahali anapokodiwa kufika, mzigo anaoweza kubeba, na pigo lisilozidi desturi. Aliyekodi mnyama kufika mji fulani kisha akampitisha mbele, au akamzidishia mzigo, mkono wake uligeuka hapohapo kutoka amana hadi dhamana, na mnyama akifa alimlipa, kwa kuwa alichukua nguvu ambayo hakuinunua. Ikiwa hivyo ndivyo kwa nyumbu, ni vigumu kuona kwa nini iwe pungufu kwa binadamu.

Mfano wake hutokea Ifakara. Mgeni amekodi gari mpaka hapo, dereva ameamka usiku wa manane Dar es Salaam ili aiwahi ndege ya alfajiri, jua linazama nyuma ya Udzungwa, na mgeni, akiona daraja lipo na Mahenge haiko mbali sana, anauliza kama hawawezi kuendelea. Mnyama hawezi kukataa, na ndiyo maana sheria ilimsemea. Dereva anaweza kukataa kwa ulimi, lakini anajua kwamba anayeuliza ndiye atakayeulizwa na ofisi kama huduma ilikuwa nzuri, na kwamba posho ya kulala Ifakara haimo katika makubaliano, hivyo akibaki huenda akalala garini. "Ndiyo, bosi" inayotolewa katika hali hiyo si ridhaa ambayo mwanazuoni wa ijara angeikubali kuwa nyongeza halali ya mkataba. Ili iwe ridhaa, mgeni hana budi kutanguliza chumba na chakula cha usiku cha dereva, ndipo aulize kama waondoke sasa au asubuhi, kisha anyamaze na kulisubiri jibu.