Vijisanamu vya Miungu ya Warumi: Je, Yafaa Kuviweka na Kuviuza?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa katika darasa letu suala ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa maandishi, ili faida yake iwaenee wote. Katika miji ya Italia, kama Roma na Naples, huuzwa vijisanamu vya shaba vilivyofanywa kwa mfano wa miungu ya Warumi wa kale. Wanunuzi wengi huviweka juu ya meza kwa pambo, wala hawakusudii kuviabudu. Waislamu wengi wanaishi nchi hiyo, na wako ambao riziki yao ni kuwauzia wageni vitu vya ukumbusho. Je, Mwislamu aweza kuweka kitu kama hicho nyumbani mwake? Na je, aweza kukiuza?

Wanavyuoni wametufunza ya kwamba hukumu ya kitu hufuata kukijua. Basi na tukijue kwanza kitu chenyewe.

Warumi walikuwa na mahekalu makubwa, lakini miungu waliyoizoea zaidi ni ile iliyokaa nao nyumbani. Miji ya Pompeii na Herculaneum ilifukiwa na mlima wa moto wa Vesuvius mwaka 79 Miladi, na waliokuja kuichimbua walikuta majumbani, madukani na hata majikoni vishubaka vya ibada. Humo vilisimamishwa vijisanamu, vingi vyao urefu wake hauzidi shubiri moja. Walikuwamo Lares, walinzi wa nyumba, mfano wa vijana wenye kushika pembe ya kunywea na kisahani. Alikuwamo Fortuna, mungu wa bahati, naye ameshika usukani. Alikuwamo Mercurius, mungu wa biashara, na mkononi mwake mfuko wa fedha. Mbele yao watu wa nyumba walifukiza ubani, wakamwaga mvinyo na kuweka vyakula. Mila hii iliendelea mpaka mfalme Theodosius, aliyekuwa Mkristo, alipotoa sheria mwaka 392 ya kukataza hata ubani kwa miungu ya nyumbani.

Miaka mingi ikapita. Machimbo ya Herculaneum yalipoanza mwaka 1738 na ya Pompeii mwaka 1748, matajiri wa Ulaya waliozuru Italia walitamani kurejea makwao na ukumbusho. Mafundi wa Roma, kama Giacomo Zoffoli na Francesco Righetti, wakawatengenezea nakala ndogo za masanamu mashuhuri. Naples nako, Gennaro Chiurazzi alianzisha karakana mwaka 1870, ikasifika kwa nakala za vitu vya makumbusho ya mji huo.

Kazi yenyewe yataka subira. Fundi hufanya umbo kwa nta, akalivika udongo, kisha akautia motoni hata nta ikayeyuka na kutoka, pakabaki uwazi wa umbo lile lile. Humiminwa humo shaba iliyochanganywa na bati. Ikiisha kupoa, udongo huvunjwa, na fundi akakitengeneza kitu kwa tupa na patasi, kisha akakipaka dawa ya kukitia rangi ya kutu ya kijani, ili kionekane kuwa cha kale.

Ufundi huu hatuutukani. Katika Surat Saba tumesimuliwa ya kuwa Nabii Suleiman alijaaliwa chemchemi ya shaba iliyoyeyuka, na kwamba masanamu yalifanywa kwa amri yake. Wanavyuoni walio wengi wamejibu kuwa hayo yalikuwa halali katika sharia yake, na sharia yetu ina hukumu yake. Hatusemi, basi, kwamba shaba ni najisi au kwamba mkono wa fundi umelaaniwa kwa kujua kuyeyusha. Tunauliza juu ya umbo na matumizi yake.

Ama kuliweka nyumbani, tunajua ya kuwa Sheikh Muhammad Abduh alikwenda Sisilia mwaka 1903, akaona namna watu wa huko walivyohifadhi picha na masanamu. Maoni yake yalitolewa katika jarida la al-Manar la Cairo, kwamba makatazo yalikuja kwa sababu ya ibada na upuuzi wa zama zile, na kwamba sababu hiyo ikiondoka, vitu hivi vina manufaa kwa elimu. Jarida hilo lilisomwa Mombasa pia, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa walioathiriwa nalo. Basi Sheikh Abduh si mgeni kwetu, nasi twamheshimu. Lakini kumheshimu mwanachuoni si kumfuata pasi na dalili, na hilo yeye mwenyewe alilifundisha umri wake wote.

Na dalili tulizonazo ni hizi. Imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas habari ya Wadd, Suwa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Hawa walikuwa watu wema katika kaumu ya Nuhu. Walipokufa, shetani aliwashawishi watu wasimamishe masanamu yenye majina yao pale walipokuwa wakikaa. Waliosimamisha hawakuabudu. Ibada ilikuja baada yao, walipokufa wao na elimu ikasahaulika. Tazameni, ndugu zetu: mlango ulifunguliwa na ukumbusho. Ikiwa sanamu la mtu mwema lilileta hayo, litakuwaje umbo ambalo tangu siku ya kwanza lilibuniwa liwe mungu? Zaidi ya hayo, imesihi kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Wanavyuoni wengi wametoa ruhusa kwa wanasesere wa watoto, kwa hadithi ya Bibi Aisha, na kwa sanamu lililokatwa kichwa, kwani hubaki kama mti. Mercurius wa mezani hamo katika ruhusa hizo. Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba Mwislamu asiliweke nyumbani. Aliyekwenda makumbusho kutazama na kujifunza hali yake ni nyingine, na maneno ya Sheikh Abduh yana nafasi huko.

Ama kuuza, hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa pana mtu na watoto wake wanaokula. Muuzaji atasema: "Mimi nauza shaba, siuzi mungu." Twasema: Mtume (s.a.w.) aliposimama Makka mwaka wa kufunguliwa kwake, alitangaza kuharamishwa kuuza ulevi, mzoga, nguruwe na masanamu, na hadithi hiyo ya Jabir imo katika Bukhari na Muslim.

Wala jambo hili si geni katika historia yetu. Al-Baladhuri ameeleza kwamba katika siku za Muawiya askari waliteka huko Sisilia masanamu ya dhahabu na fedha, naye akayapeleka Basra yapakiwe kwenda kuuzwa Bara Hindi, ambako bei ilikuwa kubwa. Na as-Sarakhsi katika al-Mabsut ametaja masanamu ya shaba yaliyopelekwa huko kwa amri hiyo hiyo, yakampitia Masruq, mwanachuoni wa Kufa. Masruq alichukizwa. Akakiri waziwazi kwamba lau angejua atauawa tu, angeyazamisha majini, lakini aliogopa kuteswa. Huenda mtawala aliona maslahi ya Hazina. Mwanachuoni hakuweza kuzuia, lakini hakukubali kuiita haramu halali.

Uadilifu watutaka tuseme kwamba masanamu yale yalipelekwa kwa watakaoyaabudu, na wanunuzi wa leo wengi hawaabudu. Hali hizi mbili hazilingani, wala si halali kumkufurisha ndugu yetu kwa biashara hiyo. Lakini makatazo yamebaki. Tunamnasihi atafute bidhaa nyingine, na njia i karibu naye, kwani wafua shaba hufanya pia taa, vinara na sinia. Na sisi wenye nafasi tusimtolee fatwa tu na kumwacha na njaa. Tumsaidie kwa mkopo usio na riba hata abadilishe mali ya duka lake.

Mwisho, tusimcheke Mrumi. Yeye alisimamisha Mercurius dukani ili apate faida. Je, katika maduka yetu hamna hirizi iliyotundikwa juu ya mlango kwa tamaa ile ile? Je, hatufukizi ubani kwa pepo na mizimu ili safari iwe salama? Mwenye kumwomba asiyekuwa Mungu amempa kiumbe haki ya Mola wake, hata kama hana kijisanamu nyumbani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nyumba zetu na riziki zetu, na atuongoze kwenye haki. Amin.