Jicho Lililoguswa Mara ya Pili

Somo: Marko 8:22–26

Fungua nami Marko sura ya nane. Habari ya huyu kipofu wa Bethsaida iko kwa Marko peke yake. Mathayo, Luka na Yohana hawakuiandika. Na sisi wahubiri huwa tunairuka, kwa sababu inatusumbua. Yesu anamgusa mtu, na mtu bado haoni sawasawa. Anaona watu, lakini kwake wanafanana na miti inayotembea. Sisi tumezoea muujiza wa mara moja, watu wapige makofi, tuendelee na ibada.

Lakini angalia kilichotokea kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Yesu alimwuliza kama anaona chochote. Bwana wa uzima anapima macho! Na huyo mtu, mimi nampenda sana, hakusema "Ameni, nimeona" ili kumfurahisha aliyemwombea. Alisema vile macho yake yalivyo. Kwa kusema hivyo akaguswa tena, akaona vizuri.

Leo nataka tukae kwa hilo swali, kwa sababu kuna ugonjwa uko katikati yetu ambao huwezi kuujua mpaka upimwe. Madaktari wanauita glaukoma. Mtaani tunasema presha ya macho. (Si ile presha ya kufungwa mkono. Hiyo inaweza kuwa sawa kabisa na macho yawe na shida.)

Ndani ya jicho kuna maji. Sisemi machozi, hayo ni ya nje. Maji haya hutengenezwa ndani, yanalisha jicho, halafu yanatoka polepole kupitia kichujio kidogo sana. Kichujio kikianza kuziba, ni kama sinki ya jikoni iliyoziba na mfereji bado unatiririka. Tofauti ni kwamba jicho halimwagiki sakafuni ukaona. Presha inapanda kimyakimya na kuumiza neva, ule uzi unaobeba picha kutoka kwa jicho hadi kwa ubongo. Neva inakufa kidogo kidogo, na mara nyingi kinachoenda kwanza ni kuona kwa pembeni. Katikati panabaki safi kwa miaka. Huumwi. Jicho si jekundu. Na kwa kuwa una macho mawili, moja linaziba pengo la mwenzake, wewe unaendelea na maisha.

Usichanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Daktari anaitoa, anaweka nyingine, na mama aliyeingia hospitali akishikwa mkono anarudi nyumbani akihesabu kuku wake. Shuhuda kama hizo tumezisikia hapa na tukamshukuru Mungu. Glaukoma haiko hivyo. Kile kilichopotea, matone hayakirudishi, upasuaji haukirudishi, miwani haikirudishi. Matibabu yanalinda kile kilichobaki. Kwa hivyo kila mwaka unaokaa bila kupimwa una bei yake.

Kuna dada mmoja wetu, fundi wa nguo, ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Miaka michache iliyopita maneno yalianza kuzunguka kwamba ameanza maringo. Ibada ikiisha anapita watu bila salamu. Mtu anasimama kando yake na mkono umenyooshwa, yeye anaenda tu. Akina mama wawili walikuja ofisini kwangu wameumia. Nilipomwita, alilia, kwa sababu hakujua hata habari ya hiyo mikono. Kisha akaniambia anajigonga bega kwenye mlango, na siku moja boda boda ilitokea kushoto kwake "kama imeshuka kutoka mbinguni." Nikamwuliza kama amepimwa macho. Akasema, "Mchungaji, mimi natia uzi kwenye sindano bila miwani. Macho yangu ni mazuri."

Unaona? Sindano iko katikati. Mkono wa dada yako uko pembeni.

Alienda. Alikuwa na miaka 47. Jicho la kushoto lilikuwa limepoteza sehemu kubwa, la kulia limeanza. Akapewa matone ya kuweka kila usiku. Akayaweka kwa uaminifu, mpaka alipohudhuria kesha moja mbali na hapa, akaombewa, akaambiwa kama ana imani aache dawa. Akaacha. Na hapa ndipo ugonjwa huu unadanganya: alipoacha hakusikia tofauti yoyote, kwa sababu hata alipokuwa akiweka hakusikia tofauti. Akadhani huo ndio uponyaji. Miezi minane baadaye alirudi kliniki, na jicho la kulia lilikuwa limeenda mbali zaidi. Bado anashona. Lakini kuvuka barabara anamngoja mtoto wake atoke shule.

Sasa wacha niseme wazi, na mtu asitoke hapa akisema mchungaji ameacha imani. Mimi naamini Yesu anaponya, na nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini soma Luka 17. Wale wakoma kumi Yesu aliwatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu katika sheria kuhani ndiye alikuwa mpimaji; yeye ndiye anaangalia ngozi na kutangaza kwamba mtu ni safi. Yesu hakuogopa uponyaji wake uchunguzwe. Kama Mungu amegusa macho yako, haleluya, daktari akipima ataona neva haiharibiki tena. Mpaka aseme hivyo, endelea na tone lako. Na Hezekia, soma 2 Wafalme 20, aliahidiwa na Mungu mwenyewe miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa vilikuja nyumba moja, siku moja.

Nani aende? Kila aliyefika miaka 40. Na kama mzazi wako, ndugu yako wa tumbo moja au mtoto wako anayo, usingoje hata hiyo 40. Ugonjwa huu unatembea kwa damu, na sisi watu weusi unatupata zaidi na mapema zaidi. Mwenye kisukari pia aende. Na wewe ambaye macho yakiwasha unakimbia kemisti kununua matone yaleyale mwaka baada ya mwaka: mengine yana steroidi, na steroidi ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho, hata kwa mtoto. Miwani ya kujaribu barabarani inakusaidia kusoma Biblia, sawa, lakini muuzaji hajaangalia nyuma ya jicho lako.

Mama yangu mzazi anayo, kwa hivyo mimi huenda kila mwaka. Haina uchungu. Wanaweka tone la ganzi, wanapima presha. Halafu wanaangalia neva kwa taa, na hii usikubali irukwe, kwa sababu kuna watu presha yao ni ya kawaida na neva inaharibika. Kisha unatazama mbele ndani ya mashine na kubonyeza kila ukiona nukta ya mwanga. Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya kaunti, au Kikuyu, au Lions kule Loresho. Wenye wazazi Vihiga wako na Sabatia, na wa Pwani wako na Kwale. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, maana kuna matone yanayoweza kukubana kifua. Usiazime ya jirani. Na jicho likiuma ghafla, liwe jekundu, uone duara za rangi kwenye taa na utapike, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, usingoje Jumapili.

Akina mama wawili walienda kumtembelea yule dada, wakaombana msamaha. Siku hizi mmoja wao huketi upande wake wa kushoto.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili nitaita mbele wote wanaotumia matone. Njooni na chupa zenu. Tutaomba kwa ajili ya macho, kwa ajili ya madaktari, na kwa wale ambao pesa ya dawa imewaishia. Hao wabaki, mashemasi wataandika majina. Na wale wenye miaka 40 ambao hawajawahi kupimwa, nitawauliza msimame.