Benoni au Benyamini?



Katika Mwanzo 35 tunasoma kwamba Raheli alifia njiani, karibu na Efrathi, akijifungua. Kabla ya kukata roho alimwita mtoto Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu. Yakobo hakulikubali jina hilo, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Hapa Nakivale habari hii haihitaji kufafanuliwa sana. Wengine wetu tulizika wake zetu kando ya barabara, tukaendelea kutembea na mtoto mgongoni.

Linalotugusa ni hilo jina. Yakobo alikuwa na msiba, lakini hakumbebesha mtoto. Sisi je? Ni mara ngapi tumesema kwa hasira, "Mama yako angekuwepo usingekuwa hivi"? Huko ni kumwita Benoni kila siku.

Wapo wanaosema baba peke yake hawezi kulea. Hatukubaliani nao. Mtoto mchanga hujifunza kusema kwa sababu yupo mtu anayesema naye na kumjibu anapobwabwaja. Hujifunza kutulia kwa sababu ipo mikono inayomtuliza, na mikono hiyo yaweza kuwa ya baba. Tena nyumba yenye wazazi wawili isijisifu mapema. Baba anayerudi usiku, akala kimya na kulala, watoto wake humjua kwa kikohozi tu. (Tunamfahamu baba huyo, tumekuwa yeye.) Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, aibu ya kurudi mikono mitupu imetufanya wengi kuikwepa nyumba. Lakini mtoto hangoji unga peke yake. Anangoja pia mtu wa kumsimulia yaliyotokea shuleni.

Yakobo naye alikosea, tusimfanye malaika. Mwanzo 37 inaeleza jinsi alivyompenda Yusufu kuliko ndugu zake, akamfanyia kanzu ya pekee, na chuki ikaingia nyumbani. Mgane aliyeoa tena, mwenye watoto wa mama wawili, aikumbuke kanzu ile chakula kinapogawiwa.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, sisi wababa tutabaki kanisani tuzungumze haya. Wenye watoto wadogo waje nao. Wamama siku hiyo wasiombwe kuwashika.