Wavu Chini ya Mfuniko

Swali ninaloulizwa zaidi na wateja wangu Waislamu ni la spiriti. Mtu anashika kichupa, anakigeuza, anasoma karatasi niliyobandika, kisha anashusha sauti: "Bi mkubwa, humu ndani si kuna pombe?" Imo. Gundi ya nyuki haikubali kuyeyuka kwa maji. Uiponde, uichemshe, uikoroge mpaka mkono uchoke, itabaki madonge yaliyonata kwenye kuta za sufuria, na hiyo sufuria hutaipikia tena. Inataka spiriti ya asilimia 70 hivi, ilowekwe gizani wiki kadhaa huku ukiitikisa, ndipo inapoachia rangi yake ya kahawia. Ninawaeleza hivyo hivyo bila kuficha. Wapo wanaorudisha kichupa mezani. Wapo wanaosema hii ni ya kupaka kidonda, si ya kunywa, basi haina neno. Masheikh nao nimewasikia wakitofautiana. Kwa asiyeitaka ninayo niliyoiloweka kwenye mafuta ya zeituni ya vuguvugu. Nguvu yake ni pungufu, lakini roho ya mtu inatulia. Kwangu mimi suala la spiriti linaishia hapo.

Wasichoniuliza ni gundi yenyewe ilitokaje mzingani. Hapo ndipo penye uzito, na nashangaa kwamba sisi watu wa dini tunakagua chupa kwa makini namna hii na hatukagui mlango ambao kilichomo kilitokea.

Gundi hii nyuki haitengenezi tumboni kama asali, wala haitoki mwilini mwake kama nta. Ni utomvu wa miti. Nyuki wachache tu ndio wanaoufuata, na huupenda mchana jua likiwa kali, utomvu umelainika. Anaung'ata kwa taya, anauvuta mpaka ukatike, anaupitisha mguu kwa mguu na kuupachika kwenye kikapu cha mguu wa nyuma, pale pale mwenzake anapobebea chavua. Akifika nyumbani hawezi kujitua mzigo. Nimechuchumaa mara nyingi kando ya mizinga yangu nikimtazama mmoja wao: anasimama karibu na ufa unaotaka kuzibwa, miguu kaitanua, na wenzake wanakuja mmoja mmoja kumng'oa kipande, wanavuta hadi naye anayumba. Wa chavua anakuja na kuondoka, wa maji anakuja na kuondoka, huyu bado kasimama. Yaweza kupita saa nzima. Na hicho alichobeba hakiliwi. Hakuna nyuki aliyewahi kushiba gundi.

Sasa wavu. Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Kiprotestanti huko Philadelphia, Lorenzo Langstroth, alitambua siri ambayo mizinga yote ya kisasa ya sanduku imejengwa juu yake: nyuki akiachiwa nafasi ya milimita 6 hadi 9 huifanya njia ya kupita, ikizidi hapo hujenga sega, ikipungua huiziba kwa gundi. Basi wajanja wakachukua sehemu hiyo ya mwisho. Unaweka wavu wa plastiki wenye matundu membamba chini ya mfuniko, kisha mfuniko unauinua kidogo ili mwanga na upepo vipenye. Nyuki hawavumilii. Wanaanza kuziba tundu moja baada ya jingine. Wavu ukijaa unautoa, unauweka kwenye friza usiku kucha, asubuhi unaukunja na gundi inadondoka yenyewe, maana kwenye baridi inakuwa kavu na kuvunjika kama kigae. Safi kabisa, haina vibanzi vya mbao wala rangi. Wanunuzi wa Dar es Salaam wanaitaka hiyo. Halafu unarudisha wavu mtupu.

Kwa lugha nyingine, unamtoboa mwenye nyumba paa ili ujipatie ufundi wake wa kuziba.

Ingekuwa gundi ni pambo tu, nisingelisumbuka. Lakini mwaka 1976 Thomas Seeley na Roger Morse walipasua miti yenye nyuki wa mwituni kule Marekani, wakakuta pango zima la ndani limepakwa gundi, ukuta wote umefunikwa. Nyuki wakiwekwa kwenye sanduku la mbao zilizopigwa randa hawapaki hivyo. Wanaziba pembe na nyufa tu, kwa sababu ukuta laini hauwapi cha kuziba. Mwaka 2009 Michael Simone na Marla Spivak wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakapaka kuta za mizinga dondoo ya gundi na kuona kwamba nyuki waliokaa humo walikuwa na bakteria wachache, na miili yao haikulazimika kupigana sana na maradhi. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba kundi likiingiwa na ugonjwa wa ukungu unaoua majana, nyuki wanaofuata utomvu wanaongezeka. Ni dawa yao, basi. Kundi zima linaishi ndani ya dawa, nami navuna ukuta wa zahanati.

Mizinga ya magome ya wazee wetu huku Unyamwezi ilikuwa na ukuta wa kukwaruza ambao nyuki waliupenda. Ila mti ukishachunwa gome kuuzunguka unakufa, kwa hiyo sina hamu ya kuirudia.

Katika Suratun-Nahl watu hukimbilia aya ya 69, yenye kinywaji cha rangi mbalimbali na shifaa kwa watu. Mimi nimekaa zaidi kwenye ya 68. Kabla nyuki hajaambiwa ale matunda ameambiwa ajifanyie nyumba: milimani, mitini, na katika vile wanavyovijenga watu. Nyumba imetangulia chakula. Kinywaji cha aya inayofuata hutoka matumboni mwao, na gundi haipiti tumboni. Inakuja mguuni na kuishia ukutani. Ndiyo sababu nimekataa kuandika aya kwenye vichupa vya gundi, ingawa wapo wanaoandika na vinanunuliwa haraka. Kwa fahamu yangu asali imo katika aya ya kinywaji, gundi imo katika aya ya nyumba. Asali tumeruhusiwa waziwazi. Kwa gundi itabidi tufikiri.

Wala sisemi haya kwa kumfanya nyuki walii. Hotuba zetu zinapenda sana kumsifu: hana choyo, hana uvivu, hana fitina. Anayezisema hajafungua mzinga. Gundi hiyo hiyo nyuki wanajengea jela. Yupo mbawakavu mdogo mweusi, mkazi wa asili wa Afrika hii yetu, anayeingia mzingani kula masega na majana. Watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliona nyuki wakimsukumia pembeni, wakimjengea kuta za gundi na kuweka walinzi. Mfungwa anamgusa mlinzi mdomoni kama afanyavyo nyuki mwenye njaa, na mlinzi anamtapikia chakula. Sijui mhubiri atatoa funzo gani hapo, na nisingependa atoe lolote. Haki ya kiumbe haitokani na uzuri wa tabia yake.

Mpwa wangu, aliyesomea ufugaji nyuki na sasa ana mizinga mingi kuliko mimi, ananibana. "Shangazi, na ng'ombe je? Ndama tunamfunga pembeni ili maziwa yabaki. Na asali unapokata masega, si unawaachia shimo walijaze tena? Ufugaji wote ni kumtengenezea mnyama upungufu." Hana makosa, na jibu langu la kwanza, kwamba asali ni ziada na gundi si ziada, halikusimama. Hata asali nyuki hakuiita ziada. Ni sisi tulioiita. Tofauti iliyobaki mkononi mwangu ni ndogo kuliko nilivyotaka: ninapokata sega nachukua kilichokwisha fanywa, ninapoinua mfuniko nawafanya wasiwe na salama hadi wamalize kazi yangu. Na huku siafu wapo.

Nilipopata pa kushika ilikuwa katika darsa la fiqhi, tena kwenye mlango ambao wengi husinzia, wa matunzo ya wanyama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye sisi Mashafii tunamtegemea mpaka leo, anamtaka mwenye nyuki awabakishie asali kiasi mzingani, na ikichukuliwa wakati wa baridi abakishe zaidi, isipokuwa kuna kingine cha kuwatosha. Mlango huo huo unamwambia anayekamua mnyama apunguze kucha asimuumize. Kumbe wanazuoni walikwisha inama mpaka usawa wa kiwele na wa mzinga. Gundi hawakuitaja, lakini mlango waliufungua, na kwa kiyasi cha mtu wa kawaida, nisiye mwanachuoni, nimeelewa hivi: anayechukua dawa yao lazima kwanza awe amewabakishia dawa ya kuwatosha.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kutundika sanduku jipya nachukua msumeno na kuchanja kuta za ndani, mistari iliyosongamana, mbao iwe na mikwaruzo kama pango la mti. Wanapaka. Baada ya muda ukuta unang'aa wekundu wa hudhurungi na harufu yake ukiisogelea ni ya ubani. Hapo siweki patasi kamwe. Nakwangua fremu na kingo za mfuniko, sehemu ambazo hata nisipouza ingebidi nizikwangue ili mzinga ufunguke. Gundi ya namna hiyo ni nyeusi, ina nta nyingi, inabidi kuchambuliwa kwa mkono, na mnunuzi analipa kidogo. Hasara hiyo naijua shilingi kwa shilingi.

Nyavu zangu zilikuwa zimelala stoo. Mpwa wangu alikuja kuziomba. Nikamwambia atazichukua kwa sharti: kundi dhaifu asilitie wavu, msimu wa mvua asitie, na kila mzinga atakaoutia auchanje kuta kwanza na asubiri zipakwe. Akauliza sharti hilo ni la sheria au ni langu. Nikamwambia ni langu, na akitaka la sheria aende akaulize msikitini, nami nitapenda kusikia watakachomjibu. Akazifunga kamba nyuma ya pikipiki, akaazima na msumeno wangu.