Lita Hazijui Uzito

Mjukuu wangu,

Picha ya ule mfuko wa mgongoni unaotaka kuununua nimeiona. Shangazi yako aliikuza kwenye simu yake hadi nikasoma maandishi ya ubavuni: lita 65. Unasema umepunguzwa bei, na kwamba wenzako wa huko Grenoble wanapanda milima majira haya ya baridi, nawe hutaki kubaki nyuma. Sikukatazi. Mtu wa miaka 23 hakatazwi mlima kwa simu. Ila kaa kitako kidogo unisikilize. Mambo ya mifuko nimeyasema sana hapa Kapata, Kolwezi, hadi nimechoka. Walionisikia ni wachache, na wasionisikia nawaona wakipita hapa barabarani, nawajua kwa migongo yao.

Kabla sijaja Kolwezi nilikuwa kijana wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, nikibeba mizigo ya wageni waliopanda kwa upande wetu wa Kongo: Kalonge, Mahangu, Kyondo, mpaka barafu inapoanzia. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na njia ya kukiendea ni matope, mizizi na mvua, kisha baridi inayopasua midomo. Wazee wetu walikuwa bado wakisimulia msafara wa Mbelgiji Xavier de Grunne wa mwaka 1932, na katika yote walichokumbuka zaidi ni mizigo. Sisi tulibeba kwa ukanda wa kipajini, shingo ikifanya kazi ya mabega. Basi mfuko naujua tangu sijaota ndevu.

Nilichokiona kwa wageni wale ni kimoja, mwaka hadi mwaka. Mwenye mfuko mkubwa huujaza. Hata awe mwerevu namna gani, akiona pana nafasi atatia sweta la pili, kisha kitabu, kisha sufuria ambayo mwenzake naye amebeba. Kila kitu kina sababu yake kikiwa chini. Juu, pumzi ikishakatika, sababu zote huisha, lakini huwezi kumwachia kunguru sufuria.

Halafu kuna hili la lita. Nilipokwisha kuhamia Kolwezi, mishahara ikakatika, nilikwenda mashimoni kuchimba kama wengine. Tulichukua mifuko iliyokuwa ya unga, ya kilo 25, tukaijaza mawe ya kobalti. Siku ya kwanza niliuinua wangu kwa mazoea ya unga, nikaanguka nao. Unga na jiwe vikiingia mfuko mmoja, jiwe hupita mara mbili ya unga na zaidi. Lita hazijui uzito, baba. Na kamba yako, zile kramponi za kuvalisha viatu, shoka la barafu na vyuma vya kupandia ni mizigo ya namna ya mawe. Mfuko wa lita 65 ukiujaza vitu hivyo utakuvuta nyuma hapo hasa unapotaka kuegemea mbele.

Kwa safari ya kutwa moja katika theluji, lita 30 hadi 40 zinatosha. Ukilala kibandani usiku mmoja au miwili, 45, wala usivuke hapo. Mfuko mtupu usizidi kilo moja na kitu. Ule uliojaa mifuko midogo na zipu kila upande ni wa kupendezea duka. Zipu huganda, na kila mfuko mdogo ni mahali pa kupotezea tochi gizani.

Nenda dukani na glovu zako, zile nene. Muuzaji akicheka, acheke. Fungua na ufunge kila bizimu nazo zikiwa mkononi. Usiyoiweza hapo hutaiweza kwenye upepo. Tazama na mgongo wa mfuko. Ule wenye wavu wa kupitisha hewa ni mzuri kwa joto, lakini theluji hujibana kwenye wavu, ikayeyuka, ikakulowesha. Chukua ulio laini na mtupu. Kama ndani yake kuna kipande cha sponji kinachochomoka, ni bora zaidi, utakikalia mkilazimika kungoja mahali pa baridi.

Urefu wa mgongo pimisha. Inamisha kichwa, ushike ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, mtu akupime kutoka hapo hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Wewe una miguu mirefu ya mama yako lakini kiwiliwili ni cha kwetu, kifupi. Usichague mfuko kwa kutazama kimo chako kwenye kioo.

Mkanda wa kiunoni uwe unaoondoleka. Uliniambia mwenyewe kwamba mpandaji hufunga mshipi wa kamba kiunoni na mapajani; mikanda miwili mahali pamoja itagombana, na mkono utatafuta vyuma usivione. Mfuko wenyewe usipite upana wa mgongo wako, viwiko vipate kwenda nyuma.

Kupakia ndiko kunakonichosha kueleza, maana vijana hutupia tu. Kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa mabega. Koti la manyoya liwe juu kabisa, kwa sababu utalihitaji ghafla. Koleo la kufukulia mtu aliyefunikwa na poromoko la theluji liwe mahali unapolifikia bila kumwaga kila kitu. Chupa ya maji iweke kichwa chini: maji huanza kuganda juu, mdomo utabaki wazi. Ule mrija wa kunyonyea maji unaopita begani uache nyumbani.

Utasema nkambo, babu yako, anaogopa. Sawa. Hapa kwetu hakuna aliyeniuliza nabeba kiasi gani. Bei ya siku ndiyo iliyopima. Goti langu la kushoto linajua kupanda ngazi tatu tu, kisha linangoja. Wewe unaulizwa.

Kwa hiyo mfuko huo usiulipie kwanza. Panga vitu vyote sakafuni, viatu vya mlimani navyo, upige picha umtumie shangazi yako. Nitatazama nikwambie vya kutoa. Kisha ndipo utafute mfuko wa kutosha vilivyobaki. Ukipiga simu piga kabla ya saa mbili usiku, maana umeme wetu unakatika, na simu yake haikai na chaji.